Mpira Ubebao Mafuta

Wenzangu huniuliza kwa nini ndege yetu ndogo, ile irushwayo kwa nyaya mbili, haina kopo la mafuta. Kopo lina hewa. Ndege ikigeuka kwa kasi, mafuta hukimbilia upande mmoja, injini ikavuta hewa na kuzimika. Sisi twatumia mrija wa mpira kama ule wa hospitali, mwisho wake mmoja umefungwa kwa uzi. Kwanza huifyonza hewa yote kwa bomba la sindano, ndipo nikasukuma ndani spiriti ya methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika, polepole, hata mpira ukavimba kama muhogo. Mara huubana kwa kibanio, maana mpira haungoji mtu: ukiachiwa huifurikisha injini. Petroli siitii kamwe, huula mpira. (Methanoli nayo ni sumu, haionjwi!) Injini tunayo moja tu, na Jumamosi wazazi watakuja kutazama. Mjazaji ni mimi.