Kwa miguu mpaka mlango wa Lukuga



Siku ya posho iliyopita tulitoka nyumbani mapema, wamama kumi na mmoja pamoja na watoto wetu. Hatukubeba kapu, wala bidoni, wala jembe. Kabla hatujafika mbali, mama mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya nyumba yake alituuliza: "Kilio kiko wapi?" Tulimjibu kwamba hakuna kilio, tunaenda kutembea tu. Akauliza tena: "Kutembea kwenda kuuza nini?"

Tulicheka, lakini swali lile lilitufuata njia nzima. Hapa Kalemie sisi wamama tunatembea kuliko wote. Tunajua njia ya soko, ya shamba, ya maji, ya hospitali na ya kanisa. Lakini kila siku kuna mzigo kichwani na mtoto mgongoni, na macho yanatazama pa kukanyaga. Ziwa liko karibu nasi tangu kuzaliwa, na wengi wetu hatujawahi kulitazama kwa utulivu.

Tulianzia karibu na bandari, pale reli kutoka Kabalo ilipofika ziwani mwaka 1915. Kutoka pale tulielekea kaskazini, ziwa likiwa mkono wa kuume. Njia ni ya tambarare. Mtoto wa miaka sita anaiweza, na bibi mwenye magoti mazito anaiweza pia, kama mnapumzika njiani. Sisi tulitumia karibu saa moja na nusu, kwa sababu hatukuwa na haraka.

Asubuhi ile wavuvi walikuwa wanarudi, taa zao zimezimwa, na wamama wenye mabeseni wanawangoja ndani ya maji mpaka magotini. Ndagala zilikuwa zimeanikwa juu ya mchanga. Watoto walitaka kujua kwa nini wavuvi wanakwenda usiku. Mvuvi mmoja mzee aliwaeleza mwenyewe: ndagala hufuata mwangaza, kwa hiyo usiku wa giza, bila mwezi, ndio usiku mzuri wa kazi. Somo kama hilo darasani lingetuchukua wiki nzima!

Mbele kidogo, mama mmoja kati yetu alisimama. Alionyesha mahali penye matope na matete, akasema: "Jiko langu lilikuwa hapa." Yeye ni mmoja wa wale waliopoteza nyumba zao wakati ziwa lilipopanda miaka hii. Alituambia kwamba tangu siku aliyohama hakurudi tena pale. Hata akienda soko anazungukia barabara ya juu. Tulikaa naye chini ya mti. Hakuna aliyemharakisha. Baadaye alisimama mwenyewe, akasema twende.

Tulipofika Lukuga, tuliwakusanya watoto mahali pa juu, mbali na maji. Tuliwaeleza hivi. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 650, na katika dunia nzima ni ziwa moja tu, Baikal la Urusi, linalolizidi kwa kina. Mito mingi inaingia humo: Ruzizi inatoka ziwa Kivu, Malagarasi inatoka Tanzania, na mingine midogo isiyohesabika. Lakini mto unaotoka ni mmoja tu, na ni huu wa Lukuga, hapa kwetu. Unakwenda magharibi mpaka Lualaba, na Lualaba ndiyo inayokuwa mto Kongo. Mtoto mmoja alitupa jani majini, akasema: "Nenda Kinshasa, usilipe tiketi!"

Kisha tuliwasimulia historia ambayo hata wamama wengi hawakuijua. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika hapa, akaandika kwamba maji ya ziwa yanatokea Lukuga. Miaka miwili baadaye Stanley alikuja, akakuta mlango umezibwa na mchanga na matete, na maji karibu hayatoki. Ziwa lilikuwa linapanda. Halafu, muda mfupi baada ya hapo, maji yalivunja kizuizi kile, yakatoka kwa nguvu, na ziwa likashuka kwa miaka mingi.

Mama yule wa jiko alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Kwa hiyo lilipanda hata wakati wa babu zetu?" Ndiyo, lilipanda. "Basi si mtu aliyetutupia maji." Hapana, si mtu. Mvua ikiwa nyingi miaka kadhaa mfululizo, mito inaleta maji kuliko yale yanayoondolewa na jua na Lukuga, na ziwa linapanda polepole. Tunajua maneno yaliyosemwa katika mitaa yetu, na jinsi bibi kizee anavyoweza kushtakiwa uchawi kwa sababu ya msiba kama huu. Ndiyo sababu tunaona kutembea huku si mchezo. Mtoto aliyeuona mlango wa ziwa kwa macho yake, hatadanganywa kwa urahisi.

Tena kuna fundisho kwa mfuko wetu. Nchi ya chini kando ya ziwa ni ya ziwa lenyewe, hata likiiacha kwa miaka ishirini. Kabla ya kununua parsele, tembeeni pale kwa miguu, mwulizeni mzee wa mtaa maji yalifika wapi, na mtazame alama kwenye kuta.

Kwa vikundi vinavyotaka kwenda, tunashauri haya:

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mrudi kabla ya saa nne, jua halijawa kali. Bebeni maji yaliyochemshwa na kipande cha sabuni. Kipindupindu tunakijua, na kiu isiwafanye watoto wanywe maji ya ziwa. Vaeni viatu vilivyofungwa, si babushi. Mama mmoja aangalie watoto watatu, asizidishe. Karibu na Lukuga msishuke kwenye matete, maana kuna viboko na mamba. Chakula kisiwe cha gharama: sisi tulikula mihogo ya kuchemsha na karanga, na takataka tulirudi nazo.

Wakati wa kurudi tulimkuta mama yule wa ufagio bado yuko mlangoni. Akatazama mikono yetu mitupu, akauliza tumeleta nini. Watoto walimweleza wote kwa pamoja habari za Lukuga, Kinshasa, ndagala na mwezi, hata hakusikia vizuri. Mwishowe alituuliza tutakwenda tena lini.

Tutakwenda tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Mungu akipenda. Safari hiyo tutapanda kilima nyuma ya mji, kulitazama ziwa lote kutoka juu. Tutakutana mbele ya bandari. Kila mama aje na chupa yake ya maji, na aje bila mzigo.