Upana wa Mfereji

Mpwa wangu aliporejea kutoka Marekani alikuja na msumeno wa meza pamoja na seti ya bledi za kuchongea mifereji ya rafu. Bledi mbili za nje zina meno pande zote. Baina yao hupangwa vichongeo vyembamba, ukaongeza au ukapunguza hadi upate upana uutakao. Alichagua za inchi 6, kwani mifereji ya rafu haihitaji kina kirefu. Kabla ya kununua alipima mhimili wa msumeno, maana mhimili mfupi haubebi seti nzima.

Nilimwomba anisaidie kutengeneza kabati la daftari za marehemu baba, ambazo mchwa walikwisha kuzianza. Plaiwudi ilipigwa chapa ya milimita 18. Tukapanga bledi kwa 18, tukachonga mbavu zote mbili. Rafu zikacheza mferejini kama jino bovu. Tulipoupima ubao wenyewe, haukutimia 18.

Nilitahayari. Umri wangu wote wa kufasiri nimejionya nisiliamini neno la kamusi kabla ya kulipima ndani ya sentensi; na hapa nimeiamini chapa.

Mara ya pili tulipunguza kichongeo, tukatia vipande vyembamba vya bati baina ya bledi, umeme umekatwa kila tulipozigusa. Tukajaribia kwenye kipande cha mabaki, mpaka ubao ukaingia kwa kusukumwa na kiganja, bila nyundo.

Daftari za baba zimesimama. Mbavu zilizoharibika sikuzitupa. Ndizo meza ninayofasiria.