Tairi la Theluji Maili Kumi

Kwa Baba, tairi lilikuwa na kazi moja tu: kumtoa topeni. Kelele, mtikiso na mafuta yanayoliwa bure aliyaita matatizo ya watu wa lami. Miaka ya sabini na themanini aliendesha Bedford ya tajiri mmoja wa Nakuru, akibeba viazi na kabichi kutoka Dundori na Ol Kalou, na mahindi ya upande wa Solai msimu ulipofika. Ukimwuliza lori lina hali gani, hakuitaja injini. Alitaja meno ya matairi ya nyuma.

Anayeijua Bahati, kwetu, wakati wa masika ataelewa. Tumekaa ubavuni mwa Menengai, na sehemu kubwa ya udongo wetu ni majivu ya volkano ya zamani. Kiangazi ni vumbi jepesi linaloingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Mvua za Aprili zikishika, udongo huo hulainika juu ukabaki mgumu chini, na gari huenda linakotaka mteremko, si linakotaka dereva. Barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Nyahururu ilikuwa na lami, lakini viazi havikulimwa kandokando ya lami. Vilikuwa ndani huko, na ndani huko ndiko Baba alikolala siku akikwama.

Matairi ya wakati ule yalikuwa ya nailoni: tabaka juu ya tabaka za nyuzi zilizopishana, tyubu ndani, ubavu mgumu usiokunjika upesi. Mbele aliweka yenye mistari kwa kuwa yanausikiliza usukani. Nyuma yalikaa yenye meno mapana yaliyoachana, ili tope lipate pa kutokea, maana nafasi kati ya jino na jino ikijaa tope lisitoke, tairi hugeuka kipara hata kama limenunuliwa jana. Chini ya kiti palikuwa na minyororo ya kufunga kwenye magurudumu. Utingo ndiye aliyelala tumbo matopeni kuifunga, na ndiye aliyeifungua tukikaribia lami, kwa sababu mnyororo kwenye lami unakula tairi na barabara pamoja. Pasipohitaji mnyororo, Baba alitoa upepo kidogo. Tairi likilegea hutandaza tumbo lake, hugusa ardhi kwa upana zaidi, nalo hupata pa kushika. Kisha ilibidi kwenda polepole mpaka palipo na pampu, kwani tairi lililolegea chini ya mzigo hukunjika na kukunjuka kila mzunguko, na joto la kukunjika huko ndilo linalolipasua.

Nailoni ina tabia nyingine ambayo vijana wa sasa hawaijui. Asubuhi za Dundori ni za baridi kali. Lori likilala limebeba mzigo, sehemu ya tairi iliyokandamizwa chini hubaki bapa mpaka ipate moto. Maili za kwanza tulikwenda tukidunda, hata penye lami nzuri. "Bado yamelala," Baba aliniambia siku za likizo niliposafiri naye, na tukikaribia Lanet mdundo ulikuwa umekwisha.

Lakini meno yaleyale yaliyomtoa topeni yalimtesa kwenye lami. Yaliimba kwa sauti iliyotulazimisha kupaza zetu, na yaliliwa upesi. Tena mvua ikinyesha juu ya lami, meno mapana yaliyoachana hugusa barabara kidogo mno. Lori lililotambaa bila wasiwasi kwenye tope la Ol Kalou lilikuwa la kuogopwa kwenye mteremko wa Subukia. Nadhani elimu yote ya matairi imo humo. Kushika, kudumu na starehe hunyang'anyana mpira uleule. Mpira laini hushika na huisha. Mgumu hudumu na huteleza. Na ubavu unaobeba mzigo mkubwa hauwezi kuwa mpole kwa mgongo wa abiria. Dereva wa kila zama alichagua kimoja, akalipia kwa kingine.

Baba mdogo alichagua kudumu. Alianza na zile Peugeot 504 zilizokimbia kati ya Nakuru na Nairobi, abiria wamebanana safu tatu, kisha akahamia Hiace ya Nyahururu. Matatu haimlipi mtu ikiwa juu ya jeki. Kwake tairi lilikuwa deni, na kila kilomita iliyoongezeka ilikuwa faida. Ndiyo maana alikuwa mteja mkubwa wa ritredi: tairi kuukuu lenye mwili mzima hunyolewa uso, likavishwa mpira mpya, likapikwa kwa joto na mgandamizo mpaka vishikane. Alichagua mwili wa kuvisha kwa makini, akilipapasa tairi ndani kwa kiganja, akilitafuta jeraha kabla ya kukubali bei. Walikuwapo pia mafundi waliochonga mifereji mipya kwa kisu cha moto kwenye tairi lililokwisha. Hao aliwakwepa. Kuchonga kunarudisha sura ya tairi, si unene wa mpira, na chini ya mfereji mpya panabaki utando tu kati ya nyuzi na changarawe.

Upepo aliujaza hadi tairi likalia ukilipiga teke. Hesabu yake haikuwa na kosa: tairi gumu halikunjiki, halipati moto, linabeba watu wengi na linakunywa mafuta kidogo. Abiria wa kiti cha nyuma ndio waliolipa. Njia ya Kabazi ilipoharibika, mama mmoja alimwomba apunguze mwendo kwa ajili ya mayai aliyoyapakata, naye akamjibu, "Mama, mayai yako sawa, ni tairi linaongea." Tairi lililojazwa hivyo huliwa katikati, likaacha mabega mazima, na ukilitazama kwa nyuma unamjua mwenye gari bila kuuliza.

Mwezi wa Februari 2004 kanuni za waziri wa uchukuzi, John Michuki, zilianza kufuatwa: abiria 14 kwenye Nissan na Hiace, mikanda, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Madereva wenzake walilalamikia mapato. Baba mdogo naye alilalamika, lakini baada ya miezi kadhaa alianza kuzungumzia jambo ambalo sikulisikia kwenye redio, kwamba matairi yake yanakaa. Mzigo ulipungua na mwendo ukapungua, na hayo mawili ndiyo yanayopika mpira. Kwa mara ya kwanza alipunguza upepo, na abiria wa Nyahururu wakaona tofauti bila kujua ilikotoka.

Katikati ya miaka hiyo matairi yenyewe yalikuwa yamebadilika mwilini. Michelin ya Ufaransa ilisajili hataza ya tairi la radiali mwaka 1946, lenye nyuzi zinazokwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo na mkanda wa waya chini ya uso. Kwetu lilikuja taratibu, kwa magari madogo kwanza. Tuliliita tairi la waya. Ubavu wake hukunjika, uso wake hutulia barabarani, kwa hiyo hushika vizuri, halipati moto upesi, na hudumu kuliko la nailoni. Ukiniuliza ni nini hasa kilicholeta raha ndani ya magari ya Kenya, nitasema huo ubavu laini kabla ya kutaja springi za gari lolote. Wapo waliopoteza kwa mabadiliko hayo. Fundi wa akala hapendi waya. Kisu chake kinakata nailoni atakavyo, lakini waya humtoboa vidole, na ukibaki kwenye soli humtoboa mvaaji. Alizoea kupewa matairi kuukuu bure, sasa huzunguka akiyatafuta ya malori yaliyobaki ya nailoni.

Tyubu nazo zilianza kutoweka. Zamani msumari ukiingia, upepo ulitoka wote palepale, dereva akashuka, akatoa jeki. Tairi lisilo na tyubu huushikilia msumari likavuja polepole siku tatu nne. Ni afueni kubwa, hasa kwa mwanamke anayetoka mjini usiku, na mimi nimefaidika nayo. Lakini dereva ameacha kulitazama tairi kwa kuwa haliombi kutazamwa.

Zama zangu mimi ni za starehe, na zililetwa na meli. Tangu biashara ilipofunguliwa miaka ya tisini, magari yaliyotumika Japani yalimiminika Mombasa, na kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000 kikaweka mpaka kwamba gari lisizidi miaka minane. Mshahara wa mwalimu uliponiwezesha, nilichukua mojawapo, Fielder. Gari lilikuja na matairi yake, meusi, yenye mifereji mirefu, na juu ya kila jino vichanjo vyembamba vingi. Lilikwenda kimya. Kati ya Kiamaina na mjini sikuisikia barabara kabisa, na Baba, aliyekaa pembeni yangu akiwa mzee tayari, aliinama mara kadhaa kusikiliza kama gari linatembea kweli.

Fundi wa panchari pale Maili Kumi ndiye aliyenisomea. Alifuta vumbi ubavuni kwa kidole, akaniita. "Mwalimu, njoo uone. Haya ni matairi ya theluji."

Neno STUDLESS lilikuwa limeandikwa waziwazi. Japani ya kaskazini ina theluji nyingi, na huko huvaa matairi ya mpira laini sana usiogandishwa na baridi, wenye vichanjo vya kung'ata barafu. Mpira wa namna hiyo chini ya jua la saa sita Nakuru huisha kama kifutio mikononi mwa mtoto wa darasa la kwanza. Na kwenye lami yenye maji, jambo ambalo wengi hawalitarajii, unashika vibaya kuliko tairi la kawaida, kwa kuwa meno yake laini hupinda breki ikikanyagwa. Gari lililotulia mno wakati wa jua lilikuwa likiyumbayumba kidogo mvua ikianza, nami nilidhani ni usukani. Fundi alinionyesha pia tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Ya kwangu yalikuwa na umri wa kuanza shule.

Nilipoyatoa na kuweka ya kawaida, kelele ilirudi na raha ikapungua, lakini mvua ya Novemba ilinikuta nimetulia. Mume wangu alisema tumetumia pesa kununua makelele.

Siku hizo bado ungeweza kununua Yana, tairi lililotengenezwa Nairobi, barabara ya Mombasa, katika kiwanda ambacho kizazi cha Baba kilikijua kwa jina la Firestone na ambacho mwaka 2005 kilikuja kuitwa Sameer Africa. Lilikuwa tairi gumu, lisilo na mapenzi na mgongo wa mtu, na madereva wa njia za ndani walilipenda kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 2016 kampuni ilikifunga kiwanda ikieleza kuwa matairi ya bei nafuu kutoka nje yameibana, na utengenezaji wa Yana ukahamishiwa China na India. Tangu hapo duka la matairi Nakuru ni ukuta wa majina ambayo hayana historia kwetu. Baba mdogo aliweza kukwambia tairi fulani limezaa ritredi ngapi. Mimi nasoma wiki na mwaka, naangalia uwezo wa mzigo, nachungulia vile vinundu vya mpira ndani ya mifereji vinavyokutana na uso unene ukibaki milimita 1.6, na hapo maarifa yangu yanaishia.

Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, na njia zake zikapita Naivasha na Soysambu, ilitupa faraja ya ajabu. Mwaka uliofuata Sébastien Ogier, wakati huo bingwa wa dunia mara nane, alikuwa mbele akapotezewa muda na panchari. Baba alifurahi kupita kiasi, si kwa kumchukia Mfaransa, bali kwa sababu mawe yetu yalikuwa yamethibitishwa.

Ubishi mkubwa uliobaki nyumbani ni wa upepo na wa mpangilio. Wa upepo huja kila Desemba tukienda Mombasa. Kipimo hakipimi upepo uliomo ndani. Hupima tofauti ya ndani na nje. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo tairi lililojazwa psi 30 hapa lingesoma kama 27 kule ufukweni. Ila ukilijaza alfajiri ya baridi ya Bahati, joto la Pwani hulirudishia karibu zote tatu. Baba mdogo haamini hata neno moja la hayo, na husimama Mtito Andei kujaza.

Wa mpangilio ni mzito zaidi. Yeye, na karibu kila dereva wa zamani ninayemjua, huweka matairi mapya mbele: likipasuka la mbele, usukani umekwenda. Wataalamu wa matairi wanasema mapya yakae nyuma, kwa kuwa nyuma ikiteleza kwenye maji dereva wa kawaida hawezi kuirudisha, ilhali mbele ikiteleza utapunguza mwendo tu. Nafikiri kila upande una barabara yake. Wake ulizaliwa na ritredi, mizigo mizito na mashimo, wakati kupasuka kulikuwa hofu ya kila siku. Wangu umezaliwa na lami ya Lanet hadi Dundori, ambayo sasa ni nyororo na mvua ikinyesha hung'aa. Nimeweka mapya nyuma. Yeye akija hulizunguka gari langu, hatikisi hata kichwa, huuliza tu kama nina spea. Tulichokubaliana ni kwamba yote manne yawe ya kampuni moja na ya mwaka mmoja, pesa zikipatikana.