Neno Moja Lilitukosesha Shule



Mimi ni mkulima na mfugaji. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, mwaka 1975, katika darasa la jioni. Baadaye nikajifunza kuhesabu kwa Kiingereza, kutoka moja hadi mia. Nikajiona mjuzi. Leo nataka kukueleza jinsi ujuzi huo mdogo ulivyonidanganya.

Mwaka 1983 kijana wangu wa kwanza alikuwa amemaliza darasa la saba. Tarehe 9 Januari tulipata barua kutoka shule moja ya sekondari. Iliandikwa kwa Kiingereza. Tuliliona jina la kijana. Tuliona na kiasi cha karo. Tukaelewa kwamba amepata nafasi. Mama yake alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja.

Ndani ya barua hiyo kulikuwa na neno "fortnight". Hutamkwa "fotinaiti". Tulitakiwa kufika shuleni kabla ya muda huo kwisha. Mimi nilijua kwamba "forty" ni arobaini na "night" ni usiku. Nikasema, "Tumepewa siku 40." Kijana aliitazama barua, kisha akanitazama mimi. Hakusema neno.

Nilihesabu siku 40 kwenye kalenda. Zikaishia tarehe 18 Februari. Basi sikuwa na haraka. Karo nilitaka kuipata kwa kuuza ng'ombe, na bei mnadani ilikuwa mbaya. Nikangoja mnada wa mwezi uliofuata. Nikauza vizuri. Tarehe 11 Februari tukafika shuleni na sanduku jipya. Nilidhani tumewahi kwa siku 7.

Mwalimu mkuu aliisoma barua, akatikisa kichwa. Akasema, "Ndugu, fortnight ni majuma mawili. Nafasi hiyo amekwisha kupewa mwingine."

Kumbe majuma hayo mawili yalihesabiwa tangu siku barua ilipoandikwa. Iliandikwa tarehe 3 Januari. Mwisho ulikuwa tarehe 17. Sisi tuliipata tarehe 9. Kwa hiyo tulikuwa na siku 8 tu, wala si 40.

Tulirudi na sanduku letu. Njiani kijana akaniambia, "Baba, mimi nilikuwa na shaka. Lakini nilidhani wewe unajua." Maneno hayo yaliniuma sana. Yeye aliona haya kuniuliza mimi. Mimi niliona haya kumwuliza mwalimu wa kijiji, ambaye nyumba yake haikuwa mbali na yangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza maana ya maneno ya Kiingereza yanayotaja muda. Nimejifunza mengi.

Neno "fortnight" ni la kale. Asili yake ni maneno mawili, "kumi na nne" na "usiku". Zamani Waingereza walihesabu muda kwa usiku. Walikuwa pia na neno "sennight", yaani usiku 7, lakini hilo limekwisha kuachwa. "Fortnight" bado hutumika Uingereza. Wamarekani wengi husema tu majuma mawili.

Liko neno jingine, "biweekly". Hili huwachanganya hata wenye lugha yao. Kwa wengine ni mara mbili kwa juma. Kwa wengine ni mara moja kila majuma mawili. Kamusi zao huonyesha maana zote mbili.

Tena liko neno "noon". Siku hizi maana yake ni saa 6 mchana. Lakini neno hilo lilitoka katika Kilatini, na maana yake ilikuwa saa ya tisa. Warumi walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, kama tufanyavyo sisi. Kadiri miaka ilivyopita, neno likahama kutoka saa 9 mpaka saa 6.

Nilipoyajua hayo niliona kwamba maneno ya muda yanaweza kumpoteza mtu yeyote, hata msomi. Lakini tarehe 17 Januari ni tarehe 17 Januari kwa kila mtu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipata barua ya shule, ya mkopo, ya shamba au ya hospitali, usikisie. Uliza mambo matatu. Kwanza, mwisho ni tarehe ngapi? Pili, siku zinahesabiwa tangu lini? Tatu, saa iliyoandikwa ni saa ngapi kwa Kiswahili? Maana saa 8 asubuhi ya Kiingereza ni saa yetu ya 2 asubuhi. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.

Kijana wangu hakupata nafasi nyingine. Alijifunza useremala, na kazi hiyo imemlea yeye na watoto wake. Sasa naye ana mvi. Mwaka jana binti yake alipata barua ya shule. Aliisoma kwa sauti mbele yetu sote. Alipomaliza, baba yake alimwuliza jambo moja tu, "Mwisho ni tarehe ngapi?"

Binti akaitaja tarehe. Baba yake akachukua chaki, akaiandika mlangoni kwa namba kubwa, kwenye mlango alioutengeneza kwa mikono yake. Wote tukawa tunaiona kila tulipoingia na kutoka.