Kinama: Mtaa Wenye Majina ya Nchi Nzima

Kaskazini mwa jiji la Bujumbura, katika tambarare ya Imbo iliyo kati ya milima na Ziwa Tanganyika, upo mtaa uitwao Kinama. Mgeni auingiapo kwa mara ya kwanza hushangazwa na majina ya vitongoji vyake: Bubanza, Bururi, Gitega, Muramvya, Muyinga, Ngozi na Ruyigi. Yote hayo ni majina ya mikoa ya Burundi ya zamani. Mtu aweza kutoka Bururi akafika Muyinga kwa miguu, bila hata kutokwa na jasho. Mwaka 2025 mikoa ya nchi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na majina mengi kati ya hayo yakafutwa katika orodha ya mikoa. Kinama yamebaki.

Kirundi ndicho lugha ya nyumbani, lakini Kiswahili nacho husikika sokoni na katika mabasi, kama ilivyo Buyenzi, mtaa mkongwe wa Waswahili wa Bujumbura. Akina mama huuza ndagala na mukeke wa ziwani, maharage, mihogo na ndizi. Nyumba nyingi zimejengwa kwa rukarakara, yaani matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Nyumba ya namna hiyo ni rahisi kuijenga, na ni rahisi pia kubomoka. Wenyeji wa Kinama wayajua yote mawili.

Tarehe 21 Oktoba 1993 aliuawa Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi mwezi Juni mwaka huo. Vita vikazuka, na mitaa ya jiji ikagawanyika: Wahutu wakahamia upande wao, Watutsi upande wao. Jirani aliyeazima chumvi jana akawa mtu wa kuogopwa leo. Kinama na Kamenge, mitaa ya Wahutu wengi, ikawa uwanja wa mapambano kati ya jeshi na wapiganaji, na katika miaka ya 1994 na 1995 wakazi wake wengi walikimbia, baadhi yao wakavuka mpaka kuingia Zaire, ambayo leo ni Kongo.

Walirudi, wakajenga upya. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000, lakini kundi la FNL halikuwamo. Mwishoni mwa Februari 2001 wapiganaji wake waliingia Kinama, na mapigano yakaendelea kwa karibu wiki mbili. Makumi ya maelfu ya watu walitoka tena, watoto mgongoni na magodoro kichwani.

Yaliyofuata yanastahili kukumbukwa na kila avaaye sare. Jeshi jipya liliundwa, likawakusanya askari wa zamani na wapiganaji wa msituni chini ya bendera moja, na Katiba ya 2005 ikaagiza kwamba kabila lolote lisizidi nusu katika vyombo vya ulinzi na usalama. FNL nao waliweka silaha chini mwaka 2009. Waliolengana bunduki jana wakala chungu kimoja.

Hata amani ilipokuja, maji hayakusubiri. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa ilishuka kutoka milimani, korongo la Gikoma likafurika, na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha katika mitaa ya kaskazini. Mamia ya nyumba za udongo yaliyeyuka kama sukari. Kwa mara nyingine wenyeji wakakanyaga udongo, wakafyatua matofali, wakainua kuta.

Warundi husalimiana kwa neno “amahoro”, yaani amani. Kinama neno hilo si salamu tupu. Huko familia hujua bei yake, na hujua kwamba mlinzi wa kwanza wa nyumba ni jirani asiyeogopwa. Bunduki huja baada yake.