Nyasi Hufunika, Hazilipi

Katika mji mdogo wa Gettysburg, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kuna njia ya miguu ambayo hata mzee mwenye mkongojo anaweza kuimaliza bila kuhema. Inazunguka chuo cha theolojia cha Kilutheri kilichoanzishwa mwaka 1826, juu ya mgongo wa kilima. Ukiendelea upande wa magharibi unakuta uwanda wa nyasi, kisha kipande cha msitu chenye kivuli kizuri. Tulipotembea pale, wachungaji wachache kutoka Tanzania, hatukusikia kitu isipokuwa ndege na upepo.

Lakini katika msitu ule ule, asubuhi ya Julai 1, 1863, Jenerali John Reynolds wa jeshi la Kaskazini alipigwa risasi akafa. Vita vile vilidumu siku tatu. Waliokufa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea, wa pande zote mbili, walikuwa kama 51,000. Jengo la chuo likageuka hospitali, na vijana waliokuwa wakiuana asubuhi wakalazwa chini ya paa moja. Baadhi ya miti iliyokuwapo siku zile ingali hai, nayo huitwa mashahidi. Tuliigusa magome yake kimya kimya, tukakumbuka jinsi Yoshua alivyosimamisha jiwe liwe shahidi kwa watu wake.

Mzizi wa vita ile ulikuwa utumwa, na kanisa letu halikuwa mbali. Mwanzilishi wa chuo hicho, Samuel Simon Schmucker, aliupinga utumwa, na chuo kilimpokea mwanafunzi mweusi, Daniel Alexander Payne, ambaye shule yake ya watoto weusi huko South Carolina ilikuwa imefungwa kwa nguvu ya sheria. Baadaye Payne akawa askofu katika kanisa la Kimethodisti la Waafrika wa Marekani. Hata hivyo, mwaka huo huo wa 1863, Walutheri wa Kusini waliunda umoja wao peke yao. Katekisimu moja, meza mbili.

Mchana tulipelekwa upande wa pili wa mji, kwenye nyumba ndogo nyeupe ya mkulima mweusi aliyekuwa huru, Abraham Brian. Yeye na familia yake walikimbia kabla ya vita, maana askari wa Kusini walikuwa wakiwakamata watu weusi, hata walio huru, na kuwapeleka utumwani. Aliporudi alikuta madirisha yamevunjwa, uzio hakuna, mazao yamekanyagwa. Aliidai serikali dola 1,028. Akalipwa 15.

Wazee wetu husema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Pale Gettysburg nyasi zimeota tena, nzuri kabisa. Shamba la Brian ndilo halikulipwa.

Si mbali na nyumba hiyo kuna ukuta mfupi wa mawe. Mwaka 1913, miaka hamsini baada ya vita, wazee waliopigana walikutana hapo, Kaskazini upande huu na Kusini upande ule, wakapeana mikono juu ya ukuta. Hatuwezi kuidharau mikono ile. Mtu aliyekulenga bunduki akikushika mkono, Mungu yupo mahali hapo. Ila tulijiuliza: waliopatana ni wale waliopigana. Je, yule aliyevunjiwa uzio alishikwa mkono na nani?

Swali hilo ni letu pia, wapendwa. Katika mabaraza yetu ya wazee wa kanisa tunapatanisha ndugu waliogombea shamba, wanandoa, majirani. Mara nyingi tunapenda yaishe upesi. Tunaomba, wanakumbatiana, tunapiga makofi, tunaimba. Funika kombe mwanaharamu apite. Na mjane ambaye mipaka ya shamba lake ilisogezwa anarudi nyumbani akiwa na sala nyingi lakini mipaka ikiwa pale pale iliposogezwa.

Sisi Walutheri tunakiri kwamba tunaokolewa kwa neema tu, na hakuna awezaye kuinunua. Ndivyo ilivyo. Zakayo hakulipa ili Yesu aingie nyumbani mwake. Yesu alikuwa ameshaingia. Lakini neema ilipoingia, mfuko ulifunguka, na watu aliowadhulumu wakaahidiwa mara nne. Neema isiyofika kwa aliyedhulumiwa imeishia mlangoni.

Damu ya Habili ilimlilia Mungu kutoka ardhini, wala Mungu hakungoja nyasi ziote juu yake. Alimwuliza Kaini, ndugu yako yuko wapi? Basi kabla hatujasema jambo fulani limekwisha, katika familia au katika usharika, twende kwanza kwa yule aliyebaki na uzio uliovunjika. Tumwulize anadai nini. Tukae tumsikilize mpaka amalize, kisha tuanze kulipa.