Kimya Kingi Kina Mshindo



Nataka nikusimulie jambo lililonipata jikoni kwangu, kwani ndani yake mna mazingatio. Alfajiri moja nilitia maji katika kikombe cha kioo, nikakiweka ndani ya jiko la mikrowevu nipate maji ya chai. Nilipokitoa, maji yalikuwa yametulia, hayana hata povu. Nikadhani hayajapata moto. Nikatia kijiko cha sukari. Papo hapo maji yakafoka, yakaruka nje, yakaniunguza mkono.

Huenda ukauliza: maji yaliyotulia yanafokaje? Sote tumefundishwa kwamba maji, katika usawa wa bahari, huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Lakini kuchemka kunataka pa kuanzia. Kiputo cha mvuke kikiwa kidogo mno, maji hukibana kikafa kabla ya kukua. Katika sufuria, mikwaruzo ya chini huwa imeshika hewa kidogo, na hapo ndipo viputo huzaliwa. Kikombe laini hakina mikwaruzo hiyo. Basi maji hupita nyuzi 100 kimya kimya. Sukari ikitiwa, huingia na hewa iliyo baina ya chembe zake, na maji hupata mlango.

Wala usidharau nyuzi chache. Maji yakizidi kwa nyuzi 5 tu, karibu sehemu moja katika mia huweza kugeuka mvuke kwa ghafla. Na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko maji yaliyouzaa. Kikombe kimoja hutoa mvuke wa vikombe kama 15!

Nilipokuwa nikiupoza mkono, nilimkumbuka ndugu yangu wa tumbo moja. Miaka mitatu nilimfungia kinyongo kwa ajili ya nyumba aliyotuachia marehemu baba yetu. Sikumwambia neno. Watu walinisifu kwa upole, nami nikajiona mtu wa subira. Siku moja akaniuliza tu ufunguo wa stoo uko wapi. Niliyoyatamka mbele ya wanawe siwezi kuyaandika hapa.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Aali Imran, aya ya 134, anawasifu wenye kuzuia ghadhabu, na hapo hapo anawataja wenye kusamehe watu. Mimi nilishika la kwanza, nikaliacha la pili. Ile haikuwa subira. Ulikuwa moto uliokosa mlango.

Katika maabara, wataalamu hutia vipande vidogo vya kauri vyenye vitundu ndani ya kimiminiko kabla ya kukipasha moto, ili kichemke taratibu. Kwa kikombe cha nyumbani hutosha kijiti cha mti. Lakini zingatia: hutiwa kabla. Mwenye kukitia baada ya maji kupita kiasi ndiye anayeungua.

Basi nawe, ukiwa na jambo na nduguyo, mwambie mapema, faraghani, kwa maneno laini, kisha msamehe.

Mimi nilichelewa. Ijumaa iliyofuata nilikwenda kwake, mkono ungali umefungwa kitambaa, wala hakunifungulia. Ijumaa hii nitakwenda tena, Inshaallah. Niombee dua.

Wabillahi tawfiq.